Kibuyu cha Kutoa Sumu

1

Siku ya kufungua ghala, watu wa Ihumbulu hawali kitu asubuhi. Wanakuja na njaa zao makusudi, ili togwa, kinywaji cha mahindi mapya, ikute matumbo yanayoisubiri. Mwaka huo njaa haikuhitaji kutafutwa. Mvua ilikuwa imewadanganya misimu miwili mfululizo, na kidogo kilichovunwa chote kilikuwa ndani ya ghala lile la bati nyuma ya kanisa, chini ya kufuli moja.

Dakta Foibe Chilongola alisimama upande wa wanawake, khanga kiunoni juu ya sketi yake ya mjini. Miguuni pake palikuwa na kreti la vibuyu alivyokuja navyo kutoka maabara ya Dodoma, kimoja kwa kila kaya. Kwa macho vilikuwa vibuyu vya kuchotea tu, kama vya bibi yeyote. Lakini ndani, kwenye kitako, kulikuwa na utando mwembamba kama ule wa ndani ya ganda la yai, na utando huo ulikuwa hai. Ulioteshwa kutokana na chembe za ini la binadamu. Ini ndilo linalobeba mzigo wa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi isiyo na harufu wala ladha; basi Foibe na wenzake wakajiuliza, kwa nini tusiliulize ini lenyewe? Chembe zikikutana na kitu cha kuzidhuru, pete ya mwanga iliwaka shingoni mwa kibuyu. Kijani, kula. Nyekundu, mwaga. Watu wakakiita Kionjo, na wazee wakatania kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda.

Mfunguaji wa ghala alikuwa shangazi yake, Damari, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea. Kwa mila ya pale, mtu hakupi kinywaji kabla hajakinywa yeye mbele ya macho yako. Huko ndiko kutoa sumu. Mwenyeji anapiga funda, anakutazama usoni, kisha anakukabidhi kwa mikono miwili, nawe huwezi kukataa. Kukataa ni kumwita mchawi. Damari alikuwa amewatolea sumu watu wa Ihumbulu tangu wengi wao wakibebwa mgongoni.

"Mbukwenyi!" aliwasalimu.

"Mbukwa!" wakaitikia kwa sauti moja.

Alichota togwa chunguni kwa Kionjo, akapiga funda lake, akakiinua juu kila mtu aione pete. Ilikaa giza. Watoto wakasogea mbele. Kisha ikawaka, na ilikuwa nyekundu.

Mama mmoja aliyekuwa ameshika sufuria tupu alikaa chini pale pale vumbini, akaipakata ile sufuria. Foibe aliuona mkono wa shangazi yake ukibaki juu, kama umesahaulika huko, na mwanga mwekundu ukimteremkia kwenye kilemba.

Mkaguzi wa nafaka wa wilaya, Bwana Lechipya, alifanya kilichompasa. Hakuwa mtu mbaya; alisubiri watoto warudi nyuma, ndipo akainamisha chungu cha togwa juu ya shimo la chokaa. Akalipiga kufuli la ghala lakiri ya risasi.

"Poleni sana, ndugu zangu," alisema. "Sheria mnaijua. Gari la kuchomea nimeshaliita. Kabla ya jua kuchwa, ghala hili litachomwa."

2

Walijifungia wawili katika ofisi ya kijiji, mkaguzi na daktari, na mezani kati yao kile kibuyu kilichozua balaa. Foibe alikuwa ameshapima, kwa vibuyu vingine, makopo na makopo ya mahindi yaliyotolewa kwenye magunia kabla ya lakiri, na yote yalitoa kijani.

"Unaona?" alisema. "Safi. Safi. Hili nalo safi."

"Daktari, wewe ndiye uliyetufundisha," Lechipya alijibu kwa upole. "Ulisimama mbele yetu ukasema sumukuvu haikai sawasawa. Gunzi moja linaweza kubeba kifo, na jirani yake lisiwe na kitu. Ukasema kijani kumi hazifuti nyekundu moja. Nikayaandika maneno hayo ukutani ofisini kwangu."

Ni kweli aliyasema. Aliyasema kwa sababu baba yake alikufa katika mwaka wa macho ya njano, mvua ilipolowesha mavuno vihengeni na watu wakala kwa sababu hapakuwa na kingine cha kula. Sheria ya Nafaka ilipopelekwa bungeni, Foibe alikwenda kuitetea kwa machozi. Ikapita. Tangu ipite, hakuna kijiji kilichozika watu kwa mahindi.

Aliwasha simu yake, akaisogeza kwenye kitako cha kibuyu isome kumbukumbu yake, akatazama mstari wa jinsi mwanga ulivyopanda asubuhi. Alitaka tu kufanya kitu na mikono yake. Halafu akaisogeza simu karibu na macho.

Sumukuvu hupanda kama maziwa yanayofurika: ghafla, mara moja, na hukaa juu. Mstari huu ulikuwa umepanda polepole, ukashuka kidogo, ukapanda tena, kwa mawimbi. Aliwahi kuuona mstari kama huu mara moja tu, maabara, mwenzake mmoja alipojaribu, kwa udadisi, kudondosha kwenye utando majimaji ya damu ya mgonjwa wa saratani ya ini. Ini linaloumwa hutoa protini zake katika damu, na kidogo mno hupenya hadi kwenye mate. Chembe za Kionjo zilikuwa zimetegwa zisikie madhara ya ini. Hazikuambiwa zisikie ya nani.

Mate. Maabara hakuna anayepiga funda. Mafunzo yao yalisema: chota, inua, subiri. Hakuna mahali waliposema usionje, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba mtu angeonja kwanza kinywaji anachokipima sumu. Na mtu pekee katika timu nzima aliyepaswa kulifikiria hilo alikuwa ni yeye, aliyekua akipokea vibuyu kwa mikono miwili kutoka kwa mwanamke yule yule.

"Umeona nini?" Lechipya aliuliza.

Foibe aliizima simu.

Kulikuwa na sheria nyingine, Sheria ya Mwili, na hiyo pia aliipigania. Inasema kwamba chombo kikiufahamu ugonjwa wa mtu, habari hiyo ni mali ya mtu huyo. Mwingine akiitoa bila ridhaa yake, kwa mdomo au kwa dokezo, ni jinai. Watu walikuwa wamechoka kusomewa magonjwa yao na mashine za watu wengine. Ilikuwa sheria nzuri. Leo sheria zake mbili nzuri zilikuwa zimekutana kwenye mlango mmoja, na hazikuweza kupita pamoja. Kuliokoa ghala, lazima mkaguzi aambiwe kwamba nyekundu haikutoka kwenye togwa, ilitoka kwenye kinywa. Na kinywa kilichogusa kibuyu kile kilikuwa kimoja, mbele ya kijiji kizima.

"Nipe nafasi nikamwone shangazi," alisema. "Amepata mshtuko."

"Nenda, Daktari. Gari bado liko njiani."

3

Alimkuta Damari jikoni, akikoroga mlenda mkavu kwenye chungu kidogo. Ugali wa kula nao haukuwepo, wala hakuonekana kulifikiria hilo. Alikuwa anapika kwa sababu mikono ilizoea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Ulishaniamkia asubuhi. Ukiniamkia mara mbili najua umekuja na jambo."

Foibe alikaa kwenye kigoda. Alikuwa amewahi kuwaambia wagonjwa habari za namna hii, wakati wa majaribio hospitalini, na alikuwa na maneno yake ya kuanzia. Yote yalimtoka. Akasema tu, bila mpangilio, kwamba mahindi hayana kosa. Kwamba kile kibuyu kimetengenezwa kwa ini. Kwamba ini huwa linasikia ini lenzake.

Damari aliacha kukoroga. Akauepua mlenda, akaufunika kwa kawa, akakaa.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Inaweza kuwa hatua ya mwanzo. Lazima vipimo vingine vifanyike. Dodoma kuna dawa siku hizi, shangazi, si kama zamani, kuna..."

"Foibe."

"Abee."

"Mimi nimekonda tangu kiangazi kilichopita. Nikajua ni uzee. Nikasema usiutafute ugonjwa, utakuja wenyewe." Alitazama viganja vyake. "Umemwambia nani?"

"Hakuna. Sheria hainiruhusu. Hata ingeniruhusu, nisingesema."

"Basi usimwambie mtu."

Foibe alitegemea mengi, ila si hilo. "Shangazi, wanachoma ghala."

"Nimesikia. Sijawa kiziwi." Sauti ilikuwa kali, kisha ikalainika. "Unajua wanavyomfanya mtu anayejulikana kuwa anakufa? Wanamkalisha kivulini. Wanampikia uji. Akipita wanashusha sauti. Mimi nimewapa watu hawa kibuyu mkononi maisha yangu yote. Kesho nani atapokea? Watasema, 'Kumbe alikuwa anatutolea sumu na yeye ndiye mwenye sumu.' Niache nife nikiwa Damari. Njaa wameshawahi kuiona. Wilaya italeta msaada."

"Msaada una miguu ya kinyonga, shangazi. Unajua. Watoto hawatausubiri."

Damari aligeukia mlango. Kulikuwa na sauti ya ng'ombe nje na sauti ya mwanamke aliyekuwa akilia bila kuficha. Waliisikiliza wote wawili.

"Huu ugonjwa," Damari alisema baadaye, "hutoka wapi?"

"Mara nyingi hutoka kwenye sumukuvu yenyewe. Iliyoliwa zamani. Hukaa, miaka na miaka, ndipo inapoamka." Foibe alivuta kigoda karibu. "Mwaka wa macho ya njano, nadhani. Ila mimi nilikula mahindi hayo hayo, na nimeshajipima mara ngapi maabara, sina kitu. Sielewi."

Shangazi yake alicheka kidogo, kicheko cha kuchoka.

"Hukula mahindi hayo hayo, mama. Tulikuwa tunachambua usiku mkilala. Meupe tunawasagia watoto. Yenye ukungu tunajikaangia sisi, tunayala kwenye giza ili msituone. Wanawake wote wa huku walifanya hivyo. Baba yako akaona aibu kula meupe wakati dada yake anakula meusi. Ndiyo maana."

Foibe alijifunika uso kwa khanga akalia. Alilia kama alivyokuwa akilia katika jiko hilo hilo akiwa mdogo, kwa sauti, na shangazi yake hakumnyamazisha. Alipomaliza, alijua hawezi kulitamka jina la mwanamke huyu mbele ya watu. Iwapo ni jinai au si jinai, hilo halikumhusu tena.

Alisimama, akafunga khanga vizuri.

"Unakwenda kusema nini?" Damari aliuliza.

"Nitasema kifaa ni kibovu."

"Ni kibovu?"

"Hapana."

"Na ukisema ni kibovu, vibuyu vya vijiji vingine vitakuwaje?"

Swali hilo Foibe alikuwa analikwepa tangu ofisini. Vibuyu vya toleo lile vilikuwa vimeshapelekwa nchi nzima, na kila mahali ghala zilikuwa zinafunguliwa. Mtengenezaji akisema ni vibovu, vingerudishwa vyote siku hiyo hiyo, na mahali fulani, katika kijiji asichokijua, mtu angekula gunzi ambalo Kionjo kingelikataa.

"Sijui," alidanganya, akatoka.

4

Mkutano ulikuwa mbele ya ghala. Gari la kuchomea lilikuwa limefika, limeegeshwa pembeni, jekundu na safi mno, na dereva wake alikaa ndani bila kushuka, kama mtu aliyefika msibani asipojulikana. Bwana Lechipya alisema maneno machache akampa Foibe nafasi.

Foibe alisimama mbele ya watu waliomfahamu kwa jina la utotoni. Kina mama wa rika la shangazi yake walikuwa wamekaa safu ya mbele, miguu imenyooshwa. Aliwatazama mmoja mmoja, akawaona usiku, gizani, wakila mahindi meusi. Ulimi ukawa mzito.

"Ndugu zangu," alianza. "Nimekichunguza kibuyu. Mimi ndiye niliyekitengeneza, na ninawaambia kwamba kibuyu hiki ni ki..."

"Foibe."

Damari alikuwa amekuja na ndoo ya maji kichwani. Aliitua mbele ya ghala, akaitandua kata ya khanga kichwani, akajifuta uso. Alikuwa amebadili nguo. Alivaa lile gauni lake la kitenge la Pasaka.

"Usimalize hilo neno, mwanangu," alisema. "Kaa."

Foibe alikaa. Hakukumbuka mara ya mwisho kuwa mtiifu kiasi hicho.

"Maji haya ni ya bombani," Damari aliwaambia watu. "Pale pale mnapochota wote. Nimechota mbele ya Mama Perusi, aseme kama naongopa."

"Ni ya bomba," Mama Perusi, jirani yake wa miaka yote, aliitikia toka safu ya mbele.

Damari alienda kwenye kreti, akachukua kibuyu kipya, akachota maji. Hakuonja. Akakiinua. Watu wakasubiri bila kujua wanasubiri nini, na pete ikawaka kijani.

"Mmeona. Maji hayana ukungu."

Kisha akakishusha, akapiga funda kutoka kwenye kibuyu hicho hicho, kama alivyofanya asubuhi na miaka yote, akakiinua tena.

Foibe alijua kitakachotokea na bado aliomba kisitokee. Mwanga ulipanda polepole, ukasita, ukapanda. Nyekundu.

"Mahindi yenu ni mazima," Damari alisema. "Mgonjwa ni mimi. Ini langu. Daktari amejua tangu mchana, akanifichia, na alikuwa tayari kuchafua jina lake mbele yenu ili anifichie. Mficha maradhi kifo humuumbua. Basi mimi nimejiumbua mwenyewe, mkiwa mnaniona. Bwana Mkaguzi, ghala halichomwi."

Bwana Lechipya alivua kofia. Alimtazama Foibe, na Foibe akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimchuruzika. Mkaguzi akaenda kwenye mlango, akakata lakiri kwa koleo lake. Mtu fulani nyuma alianza kupiga vigelegele, akagundua yuko peke yake, akanyamaza.

Maana Damari alikuwa bado amesimama na kibuyu mkononi. Alikuwa ameonja. Sasa, kwa mila, kilikuwa cha kukabidhiwa. Aliwanyooshea watu kwa mikono miwili, pete nyekundu ikiwaka kati ya vidole vyake, na watu wakatazama chini. Hili ndilo alilolihofia jikoni, na lilikuwa limefika.

Foibe aliinuka. Alipiga goti, akakipokea kwa mikono miwili, akanywa maji yote mpaka tone la mwisho, mbele ya kila mtu. Yalikuwa maji ya bomba tu, yenye chumvichumvi kama maji yote ya Ihumbulu.

"Ahsante, shangazi," alisema.

Damari alimshika kichwa kwa mikono miwili.

Mama Perusi alijiinua kwa kujishikiza kwenye bega la aliyekaa naye. Hakuomba ruhusa. Alikwenda kwenye kreti, akachagua kibuyu kwa makini kama anachagua sokoni, akachota maji akapiga funda.

"Mwaka ule mimi pia nilikuwa nachambua," alisema, si kwa mtu fulani. Akakiinua. Kikawaka nyekundu. Akakitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kusimama kando ya Damari, bega kwa bega.

Wa pili alipata kijani, na huyo ndiye aliyelia kwa uchungu kuliko wote, kama aliyeachwa nyuma na wenzake. Wa tatu alikuwa tayari amesimama. Nyuma yake safu nzima ya mbele ilikuwa inajikung'uta vumbi, wanawake waliokula gizani, wakijipanga kwenye jua la jioni mbele ya watoto wao, ambao sasa walikuwa watu wazima na hawakuwahi kuambiwa. Mwanamume mmoja alimwita mama yake kwa sauti iliyokatika. Mama yake alimpungia mkono kwamba angoje.

Foibe alipiga magoti kando ya ndoo akaanza kuwapa vibuyu, kimoja kimoja, kwa mikono miwili. Kila mmoja alipoinama kupokea, Foibe alimnong'oneza: ikiwaka nyekundu, habari ni yako mwenyewe; Dodoma kuna dawa, nitakupeleka mimi. Hakujua kama dawa zingetosha wote. Maji yalikuwa yamefika chini na mstari bado mrefu.

Damari alichungulia ndani ya ndoo, akageuka kwa vijana waliosimama wameduwaa pale mlangoni mwa ghala lililo wazi.

"Mnashangaa nini?" alisema. "Leteni ndoo nyingine."